Nani Yuko Nyuma ya Muhuri? Historia Fupi ya Cheti cha Fundi, kutoka Pwani hadi Texas



Wengi wetu tunayo bahasha ya kaki iliyojaa vyeti tulivyotoka navyo nyumbani. Kimo cha kidato cha nne, kimo cha ufundi, pengine kimo cha uuguzi au ualimu. Baadhi vina muhuri wa chombo ambacho leo hakipo tena, au kipo kwa jina jingine. Katika makala hii nataka tuzungumzie vile vya ufundi, kwani ndivyo vinavyotutoa jasho hapa Texas. Swali langu ni moja. Mtu anapokupa karatasi isemayo kwamba wewe ni fundi, yeye alipewa na nani ruhusa ya kusema hivyo? Jibu lake ni historia ndefu, na ukurasa mmoja wa historia hiyo uliandikwa kwa damu ya watoto, mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari kutoka Dallas.

Kabla ya karatasi

Tuanzie kwetu pwani. Zamani kijana aliyetaka kuwa seremala, mchonga milango, mhunzi au mwunda majahazi, wazazi wake walimpeleka kwa fundi naye akawa mwanagenzi. Alianza kwa kufagia na kubeba mbao, kisha akaruhusiwa kushika zana, na miaka ikipita fundi akaridhika naye. Alipohitimu, ada ya kilemba ilitolewa kwa fundi na kijana akaruhusiwa kusimama peke yake. Cheti hakikuwapo, na hakikuhitajika, kwani fundi alijulikana na mtaa mzima. Mlango ukipinda au jahazi likivuja, watu walijua nani kamfundisha nani, na aibu ilirudi kwa mwalimu.

Tazama hapo kwamba mtu mmoja alifanya kazi tatu. Yeye ndiye aliyefundisha, yeye ndiye aliyepima, na yeye ndiye aliyemdhamini mhitimu mbele ya watu. Mambo yalikwenda vizuri kwa sababu mtaa wenyewe ulikuwa msimamizi. Lakini kijana huyo akisafiri Lamu hadi mji wasikomjua, sifa yake yote hubaki nyuma. Hapo ndipo karatasi inapozaliwa. Cheti ni njia ya kuuchukua mtaa ukaenda nao safari, na sisi tulio ughaibuni tunalijua hilo kuliko watu wengine wote.

Waingereza nao walipita njia hiyo hiyo. Sheria ya mwaka 1563 iliwataka mafundi wao watumikie uanagenzi wa miaka saba, na vyama vya mafundi vya mijini ndivyo vilivyolinda mlango. Viwanda vilipokuja, utaratibu huo ukawa mzigo, na mwaka 1814 Bunge lao likafuta sharti hilo la uanagenzi. Baada ya hapo kila mtu aliweza kujiita fundi. Mwaka 1878 Jiji la London pamoja na vyama 16 vya mafundi wakaanzisha taasisi tunayoijua kwa jina la City & Guilds. Jambo kubwa waliloleta ni hili: mtihani wao ungeweza kufanywa na mwanafunzi aliyefundishwa mahali pengine kabisa, na mwalimu ambaye hawajapata kumwona. Kufundisha na kupima vikaanza kutengana.

Karatasi inavuka bahari

Mtihani huo ulikuja kwetu pamoja na ukoloni. Kenya ilikuwa na kituo cha mafunzo ya viwanda cha Kabete tangu mwaka 1924. Mombasa ikapata taasisi yake ya elimu ya Waislamu, maarufu kama MIOME, mwaka 1951, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Dar es Salaam ikapata chuo chake cha ufundi mwaka 1957, kile tulichokiita Dar Tech. Katika vyuo vya namna hii mwanafunzi alijifunza chini ya jua la Afrika, lakini karatasi za mtihani zilitoka London na majibu yalirudi London.

Kando ya vyuo hivyo palikuwa na mtihani wa mafundi wa kawaida, ule mafundi wenyewe waliouita "tredi testi", wenye daraja la tatu, la pili na la kwanza. Huo ulikuwa mtihani wa mikono: upewe chuma, upewe kipimo, uonyeshe kazi. Fundi aliyefundishwa chini ya mwembe aliweza kuufanya sawasawa na aliyetoka chuoni. Tena haukuwa mapambo, kwani daraja lilifungamana na ujira. Mpaka leo amri za mishahara za Kenya zinamtaja fundi wa daraja la tatu, la pili na la kwanza, kila mmoja na kima chake.

Uhuru ulipokuja, kila serikali ilitaka muhuri wake. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971 na mwaka 1973 ikaunda Baraza lake, NECTA. Kenya ikaunda la kwake, KNEC, mwaka 1980. Sisi tuliosoma Dar Tech mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulitunukiwa cheti cha fundi sanifu, yaani FTC, kwa muhuri wa NECTA. Mwaka 1997 chuo chetu kikageuzwa kuwa Taasisi ya Teknolojia, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, NACTE, iliyoleta ngazi mpya za tuzo. FTC ikawa kumbukumbu. Nilipokwenda Uingereza kusoma shahada, na baadaye nilipohamia Texas, kila mara ilinibidi nieleze upya maana ya herufi hizo tatu kwa watu ambao hawajapata kuzisikia.

Mchezaji na refa

Kwa upande wa ufundi stadi, Tanzania Bara ilitunga sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA, nayo Zanzibar, ambako neno lao zuri ni "amali", ikaunda Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kwa sheria ya mwaka 2006. VETA ilifanya mengi mazuri, na wapo mafundi wake wanaoheshimika mpaka hapa Houston. Lakini katika mpango wake mlikuwa na jambo ambalo mhandisi yeyote angelitilia shaka. VETA ilikuwa na vyuo vyake yenyewe. Wakati huo huo ndiyo iliyosajili vyuo vya watu binafsi na vya mashirika ya dini, ndiyo iliyotunga mitihani, na ndiyo iliyotoa vyeti. Kwa lugha ya uwanjani, ilikuwa mchezaji, refa na mtunza jedwali la ligi.

Sisemi kwamba refa huyo alipendelea. Nasema kwamba hata akiwa mwadilifu kama malaika, timu nyingine hazina njia ya kulithibitisha hilo. Serikali nayo iliona hivyo. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, mamlaka ya kusimamia ubora wa mafunzo ya ufundi stadi yalihamishiwa NACTE, ambayo sasa inaitwa NACTVET, na VETA ikabaki na vyuo vyake. Kenya ilikuwa imeanza kutenganisha kazi hizi mapema kidogo. Kurugenzi ya zamani ya mafunzo ya viwanda iligeuzwa kuwa mamlaka ya NITA mwaka 2011, kisha sheria ya mwaka 2013 ikaunda chombo kimoja cha kusajili na kukagua vyuo na kingine cha kutunga mitaala na kupima.

Hasara ya kutokuwa na daftari la kuaminika tuliiona mwaka 2017. Mwezi Aprili mwaka huo Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Kwa miaka mingi karatasi hizo zilikuwa zimepita mikononi mwa waajiri bila mtu kwenda kuzilinganisha na kumbukumbu za Baraza. Walioumia si wao peke yao. Kila Mtanzania mwenye cheti halali alitazamwa kwa jicho la pembeni baada ya hapo.

Tusidhani kwamba haya ni maradhi ya Afrika. Uingereza, waliotuletea mtihani, walianzisha mwaka 2000 mpango wa kumlipia raia sehemu ya gharama za kozi atakayochagua. Karibu kila aliyejiita mkufunzi alisajiliwa bila ubora wake kukaguliwa. Mwezi Novemba 2001 mpango ulifungwa kwa haraka, fedha zikiwa zimeliwa na matapeli. Mwaka 2010 ndipo England ilipoanza kuwa na Ofqual kama mdhibiti wa vyombo vinavyotoa vyeti, kwa sheria iliyopitishwa mwaka mmoja kabla.

Texas na somo la New London

Sasa tuje tunapoishi. Wapo wanaoamini kwamba Texas haipendi sheria, kila mtu na lake. Basi na aendeshe gari mashariki hadi kaunti ya Rusk, katika mji mdogo wa New London, aone mnara wa mawe uliosimama katikati ya barabara mbele ya shule.

Mwaka 1937 New London ilikuwa katikati ya utajiri wa mafuta, na shule yake ilikuwa miongoni mwa shule tajiri za vijijini nchini Marekani. Hata hivyo uongozi wa shule uliona gharama ya gesi ni kubwa. Mwanzoni mwa mwaka huo wakaacha kununua gesi ya kampuni, wakaunganisha bomba kwenye gesi ya mabaki iliyokuwa ikipita karibu kutoka visimani, gesi ya bure. Haikuwa na harufu. Ikavuja polepole na kujaa chini ya sakafu pasipo mtu kujua. Alasiri ya tarehe 18 Machi, mwalimu wa ufundi aliwasha mashine ya kupiga msasa. Cheche moja ilitosha. Jengo liliinuka likaanguka, na wanafunzi na walimu wapatao 300 wakafa.

Waliouunganisha mfumo ule hawakutakiwa na sheria yoyote ya Texas kuthibitisha kwamba wanajua wanachokifanya. Wiki chache baadaye Bunge la Texas lilipitisha sheria ya kuitia gesi dawa ya harufu, ile inayonuka kama yai viza jikoni kwako. Mwaka huo huo likapitisha sheria ya kuwasajili wahandisi. Ndiyo maana mpaka leo, katika jimbo hili, huwezi kujitangazia umma kuwa mhandisi kwa sababu tu una shahada, na shahada ya ng'ambo hupimwa kwanza. Wapo walioachiwa mlango wa pembeni: mhandisi aliyeajiriwa na kampuni ya mafuta ya Houston akifanya kazi za ndani za kampuni hiyo anaweza kustaafu bila kuwa na leseni. Lakini anayetia saini ramani ya jengo la umma hana mlango huo.

Mafundi bomba walipata bodi yao mwaka 1947. Mafundi umeme walichelewa sana. Kwa miaka mingi kila mji ulitoa leseni yake, kiasi kwamba fundi wa Houston hakutambuliwa Dallas, mpaka sheria ya mwaka 2003 ilipoleta leseni moja ya jimbo chini ya idara iitwayo TDLR. Tangu hapo mwanagenzi hujiandikisha, hufanya kazi chini ya fundi mkuu, hukusanya saa 8,000, na hupita mtihani ndipo awe fundi kamili. Akitaka kuwa fundi mkuu atahitaji saa 12,000 na kuishika leseni ya ufundi kamili kwa miaka isiyopungua miwili.

Texas ina jambo jingine ambalo nyumbani hatuna. Tangu mwaka 1977 vyombo vingi vya serikali ya jimbo vimewekewa tarehe ya kufa. Kila baada ya miaka 12 hivi, chombo huitwa kieleze kwa nini kiendelee kuishi, na Bunge lisipokiongezea maisha, kinakufa. Wanaiita sheria ya machweo. Mwaka 2019 bodi ya mafundi bomba iliitwa. Wabunge walivutana kama ihamishiwe TDLR au ibaki peke yake, muda ukawaishia, wakaondoka bila kuiongezea maisha. Kumbuka kwamba Houston ilikuwa bado inatengeneza nyumba zilizozama kwa kimbunga Harvey cha Agosti 2017. Mwezi Juni 2019 Gavana Abbott alitumia madaraka yake ya wakati wa maafa, yaliyotokana na kimbunga hicho hicho, kuiongezea bodi miaka miwili, na mwaka 2021 Bunge likaihuisha rasmi. Hivyo ndivyo jimbo lilivyokaribia kurudi kwenye hali ya kila mwenye spana kujiita fundi bomba.

Pale tunapoingia sisi

Wengi wetu mlango wetu wa kwanza Marekani haukuwa bomba wala nyaya. Ulikuwa kuhudumia wazee, ile kazi ya CNA. Sheria ya nchi ya mwaka 1987 inamtaka msaidizi wa muuguzi apate mafunzo ya saa zisizopungua 75, na Texas inadai 100. Tazama jinsi kazi zilivyogawanywa: shule inafundisha, mtihani unasimamiwa na wengine, na jimbo linatunza daftari ambalo mwajiri analisoma kabla ya kukuajiri. Kazi zile tatu za fundi wa Lamu zimepewa watu watatu. Utaratibu huu una urasimu wake, lakini ndio uliowafanya dada zetu waliofika jana waajiriwe leo na watu wasiowajua kwa jina wala kwa ukoo.

Sasa angalia unavyovunjika. Januari 2023 waendesha mashitaka wa serikali kuu kule Florida walitangaza kwamba shule tatu za uuguzi ziliuza zaidi ya diploma 7,600 kwa watu ambao hawakuhudhuria masomo yanayotakiwa. Takriban 2,400 kati yao waliufaulu mtihani wa leseni. Nimewasikia watu wakisema kwenye sherehe zetu: "Si wamefaulu? Kosa liko wapi?" Kosa liko hapa. Mtihani hupima unachokijua kwa saa chache mbele ya kompyuta. Saa za wodini hupima utafanya nini mgonjwa anapobadilika rangi saa tisa ya usiku. Aliyeuza diploma aliuza ushuhuda wa saa ambazo hazikuwapo.

Hata mkono wa mpimaji unanunulika. Oktoba 2024 waendesha mashitaka wa Harris County, hapa hapa Houston, walidai kwamba kundi la watu liliwapanga wengine kuwafanyia walimu mitihani ya leseni, mitihani isiyopungua 400, na kwamba msimamizi wa chumba cha mtihani alikuwa akilipwa.

Katika jumuiya yetu nako wamepita watu na vipeperushi. Kozi ya wiki mbili, cheti mkononi, lipa nusu leo. Nawajua vijana waliolipa, wakaja kugundua kwamba shule ile haikuwa na idhini ya kufundisha kozi ile. Kabla hujatoa dola moja, ulizia kama shule imo kwenye daftari la Texas Workforce Commission, inayoidhinisha shule nyingi za ufundi za kibinafsi katika jimbo hili, au la chombo kinachohusika na fani yako. Mwenye shule ya halali hakasiriki ukimwuliza. Na mlio na vyeti vya zamani kutoka nyumbani, andikeni sasa kuomba uthibitisho kutoka kwa Baraza lililorithi kumbukumbu zake, wakati mafaili bado yapo na wanaoyajua bado wako kazini.

Nimalizie na jambo linalowahusu wakubwa wenzangu. Miaka 25 iliyopita kijana wetu wa umeme alipofika Dallas hakuwa na Mswahili hata mmoja wa kumtilia saini saa zake. Leo mafundi wakuu wa umeme na wa viyoyozi tunao, wenye leseni, magari na wafanyakazi wao. Kwa hiyo wataendewa. Atakuja mama mmoja baada ya ibada au baada ya arusi, atasema, "Baba, kijana wangu alifanya kazi hii nyumbani miaka sita, mwandikie tu hizo saa 8,000, ni mwanao." Ni ombi zito, na kukataa kutaonekana ni kukosa utu.

Mchukueni kijana huyo. Mwajirini kesho asubuhi, mlipeni haki yake, mwandikieni kila saa anayoifanya na msimpunje hata moja. Lakini zile ambazo hamkuziona msizitie saini. Wa kwanza kuumizwa na saini hiyo atakuwa mwenye nyumba fulani Katy au Arlington aliyelala akiamini nyaya zake ziko salama. Wa pili atakuwa kijana anayefuata kutoka Tanga au Kisumu, ambaye saa zake zitakuwa za kweli na hakuna atakayemwamini.